Ninakula kalori 1,200 kwa siku, mbona mizani haishuki?

"Shikamoo dokta. Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga. Urefu wangu sentimita 160, uzito kilo 88. Kabla ya mtoto wa mwisho nilikuwa na 71. Asubuhi nakaanga maandazi na bajia za kuuza, kwa hiyo si mtu wa kukaa tu. Miezi miwili iliyopita nilipimwa presha ikaja 138 kwa 88, nikaambiwa inaanza kupanda, nipunguze uzito. Mtoto wa dada akaniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, ikanipangia 1,200 kwa siku. Wiki ya kwanza nilipungua kilo mbili na nusu, nikafurahi kweli. Tangu hapo hii ni wiki ya tano, mizani imeganda pale pale, na kila ninachokula naandika. Wali wa nazi kwenye programu haumo, naandika wali tu. Mchana napika kilo ya mchele kwa nazi mbili, tuko sita nyumbani, na tunakula sinia moja, sasa nitajuaje nimekula kiasi gani? Wifi yangu ananicheka, anasema kalori ni mambo ya Wazungu, mimi ndivyo nilivyoumbwa. Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Je, mwili wangu umegoma? Nishuke mpaka 900?"

Marahaba, mdogo wangu. Dokta si mimi. Mimi ni mtu wa lishe, na presha yako ina wenyewe hospitalini, tutafika huko. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ndilo lenye hatari: usishuke mpaka 900. Hata hiyo 1,200 ni ndogo kwa mwili kama wako, na kwa jinsi ulivyonieleza, sidhani kama umewahi kuila hata siku moja.

Usinune. Sisemi unadanganya. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watu kumi waliokuwa na kilio hiki hiki chako: tunakula chini ya kalori 1,200 na hatupungui. Walipopimwa, miili yao ilikuwa inatumia nishati sawa na miili ya watu wengine wenye umbo kama lao. Kasoro ilikuwa kwenye daftari. Kwa wastani waliandika nusu tu, au zaidi kidogo, ya walichokula. Na walikuwa wakiandika kwa moyo mmoja, kama wewe. Kuna chakula ambacho macho hayakioni, na wewe unaishi katikati yake: jikoni, tena jiko la pwani.

Lakini kwanza zile kilo mbili na nusu za wiki ya kwanza, maana ndizo zilizokuvunja moyo baadaye. Mwili una akiba ndogo ya wanga, kiasi cha nusu kilo hivi, kwenye ini na kwenye misuli. Kila gramu ya akiba hiyo imefungamana na karibu gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula ghafla, mwili huanza kwa kula akiba hiyo, na maji yake hutoka nayo. Mizani inashuka kwa kishindo, wewe unadhani ni mafuta, kumbe kwa sehemu kubwa ni mkojo. Ni wageni wa Tanga wale: waja leo, waondoka leo. Ukila wali wako vizuri siku mbili, wanarudi. Kwa hiyo huo mwendo wa wiki ya kwanza usiufanye kipimo cha wiki zilizofuata, haukuwa mwendo wa mafuta tangu mwanzo.

Sasa wifi. Mpe haki yake nusu. Ni kweli hesabu hii ilitengenezwa ng'ambo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, alichoma vyakula kwenye vifaa vya maabara na kuwafungia watu kwenye chumba maalumu kupima joto la miili yao, na kutoka kwake tunapata namba tunazotumia mpaka leo: gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Zishike hizo mbili, nne na tisa, maana jibu langu lote limekaa juu yake. (Na ukisoma nyuma ya pakiti ukakuta namba imeandikwa kJ, usishtuke: hiyo ni kilojuli, igawe kwa 4 na ushei upate kalori.)

Lakini kupima chakula si mambo ya Wazungu hata kidogo. Muulize wifi yako zaka ya Idi Mosi anaitoa kwa kipimo gani kama si kwa pishi. Bibi zetu walipika kwa kibaba, vibaba vinne pishi, na aliyetaka kujua nyumba fulani inakula kiasi gani aliuliza wanapika vibaba vingapi. Hakuna aliyehesabu matonge ya mtu. Chakula kilipimwa kabla hakijaingia chunguni. Hiyo programu yako inakutaka ufanye kinyume chake, upime kinywani, na kwenye sinia ya watu kinywani hapapimiki. Ushauri wangu ni kwamba urudi kwenye chungu.

Tukipime basi chungu chako cha mchana. Kilo moja ya mchele ina kalori 3,600 hivi. Tui ni gumu zaidi kukisia, kwa sababu nazi hazilingani na mikono ya kukamua hailingani, lakini nazi moja iliyokomaa, ikikunwa na kukamuliwa vizuri mpaka tui la pili, yaweza kutia chunguni kalori 500 mpaka 600, karibu zote za mafuta. Nazi mbili, tuseme 1,200. Jumla 4,800, gawa kwa sita, unapata 800 kwa kila mtu. Huo ni wali mtupu, kitoweo bado hakijawekwa.

Programu yako imeandika nini? "Wali, vikombe viwili." Kikombe cha wali uliopikwa kwa maji matupu kina kalori 200 hivi, kwa hiyo imekuandikia 400. Fungu lako la sinia kwa hesabu ya chungu ni karibu vikombe viwili na robo tatu, na kila kikombe kina karibu 300 kwa sababu ya tui. Kalori 400 zimepotea kwenye mlo mmoja na wala hukuficha kitu. Wapo wanaokosea upande wa pili: wanachagua mchele mbichi kwenye orodha badala ya wali, na kikombe cha mchele mbichi ni karibu 700. Hao huogopa wali bure, wakakonda kwa hofu wiki moja kisha wakaacha.

Endelea kuhesabu yasiyoonekana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Mchicha wenyewe hauna kitu, gramu mia moja hazifiki kalori 30, lakini tunaukaanga kwa mafuta, kisha tunaumwagia tui, na programu inaandika "mboga za majani". Changu wa kukaanga, ukamwandika "samaki", ana mafuta ya karai ambayo hayakuandikwa. Kijiko cha chai cha sukari kilichojaa kwa mlima, namna tunavyochota sisi, ni kalori 25 hivi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, unazo 225 kabla hujatafuna chochote. Hukuniambia sukari unatia vijiko vingapi. Nimekisia kwa chai ya Tanga ninayoijua.

Halafu karai lako la asubuhi. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa anauza vitumbua, najua kazi hii ilivyo. Unalipasua andazi la kwanza kuona kama limeiva ndani, nusu unampa mtoto, nusu inaingia kinywani. Bajia ya kwanza unaonja chumvi, ya pili unaonja kama pilipili imekolea, zilizokatika haziuziki, nani atazila? Andazi la wastani ni kalori 200 hivi. Nusu andazi na bajia mbili zinafika 200 kwa urahisi, na hakuna mtu duniani anayeziita mlo. Wala haziandikwi, kwa sababu kwako wewe hiyo ilikuwa kazi, si kula.

Jumlisha sasa: 1,200 za daftari, ongeza 400 za wali, 150 za mafuta na kitoweo, 200 za kuonja, na hata sukari nusu yake tu. Tumefika 2,000 na kitu. Kumbe mwili wako unatumia kiasi gani? Iko kanuni inayotumiwa sana, ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Nikitia umri wako, urefu na uzito wako, inatoa karibu 1,500 kwa mwili uliolala tu, na ukiongeza kazi za nyumba na karai inakuwa 2,100 hivi. Inayoingia 2,000 na kitu, inayotoka 2,100. Ndiyo maana mizani imeganda. Mwili wako haukugoma, unafanya hesabu yake sawasawa.

Ni kweli mwili hubana matumizi ukikonda. Mtu akipungua, mwili mdogo unahitaji kidogo, na juu ya hapo unajibana kidogo zaidi. Hilo lipo na limepimwa. Lakini haliwezi kufuta upungufu mzima wa chakula kwa mtu mwenye kilo 88.

Basi tufanyeje. Lengo lako liwe 1,600 mpaka 1,700, si 1,200. Nazi moja badala ya mbili kwa ile kilo ya mchele, kwa nyumba nzima. Tui la kwanza litie mwishoni wali ukikaribia kukauka, harufu itabaki na ladha haitakimbia. Wageni wangu hawajawahi kuniuliza. Hapo kikombe kimeshuka kutoka 300 mpaka 250 hivi. Mchele usiwapunguzie watoto, wanakua, na baba yao kama anafanya kazi ya nguvu mwache na fungu lake. Wewe chukua vikombe viwili.

Vipi kwenye sinia? Sitakwambia uhame sinia ukale peke yako kwenye sahani kama mgonjwa, maana najua utafanya siku nne, wifi atasema neno, utarudi. Wewe ndiye unayepakua. Chota kikombe kile kile kila siku, viwili, umwage upande wako wa sinia kabla hujamwaga wa wenzio. Kachumbari na mchicha viweke upande wako kwa wingi, ule kutoka hapo kwanza. Upande wako ukiisha umekwisha, na ile tabia yetu ya kumsogezea mwenzio kitoweo, safari hii msogezee wifi. Mtu wa nje haoni kitu. Ukienda kwenye shughuli ambako hupakui wewe, kula kwa utaratibu, siku moja haiharibu mwezi.

Usiku kama ni ugali, mantiki ni ile ile: unga ndio wenye kalori, gramu mia moja za unga ni 360 hivi. Kikombe kimoja cha unga ukishajua kinatoa ugali wa ukubwa gani, basi.

Sukari nenda taratibu. Kijiko kimoja kimoja, kila wiki ushushe, mpaka ubaki na kimoja kwa kikombe. Ulimi huzoea. Nimeona wazee wa miaka sabini wakizoea. Na juisi ya machungwa ya Muheza ni tamu, najua, lakini machungwa manne yaliyokamuliwa unayanywa kwa pumzi moja, ya kumenya ungeshiba kwa mawili.

Kuhusu karai, sitakukataza kuonja, mpishi asiyeonja hauzi. Tenga kibakuli. Kila kipande unachotaka kuonja kiweke humo badala ya kinywani, na ukimaliza kukaanga, kaa chini, chai mkononi, kile kibakuli ndicho chakula chako cha asubuhi. Utashangaa kinavyojaa.

Umesikia pia habari ya sahani ndogo, kwamba ukila kwenye sahani ndogo macho yanadanganyika unashiba mapema. Mimi mwenyewe niliihubiri miaka mingi. Baadaye, mwaka 2018, majarida ya Marekani yaliondoa kazi kadhaa za mtafiti aliyeitangaza sana habari hii, kwa sababu data zake hazikuaminika. Sahani ndogo haina madhara, ila nimeacha kuiuza kama dawa.

Ukinifuata kwenye nazi, vikombe, sukari na kibakuli, umepunguza 500 mpaka 600 kwa siku bila kugusa simu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi, kwa hiyo kwa karatasi utapungua karibu nusu kilo kwa wiki. Kwa vitendo ni pungufu ya hapo, na mwendo unapungua kadiri unavyopungua wewe. Kilo nne mpaka tano kwa miezi mitatu ni kazi nzuri sana kwako. Usidharau: hiyo ni kama asilimia tano ya uzito wako, na hapo ndipo presha na sukari huanza kuonyesha nafuu. Huhitaji kurudi 71 ili upate faida.

Je, uendelee na programu? Kama umeipenda, itumie wiki mbili tatu, kwa kuandika nazi, mafuta na sukari tu. Ni shule nzuri, inafundisha macho. Kwa watu wengine huwa kifungo: mtu anaogopa kualikwa, anajichukia kwa chapati moja, anafunga kula kutwa kisha usiku anavamia chungu. Ukijiona unaelekea huko, ifute. Wapo wanaofaulu kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi, wapo wanaopunguza wanga wakala samaki zaidi na kunde. Zote zinafaa pale tu jumla ya siku nyingi inaposhuka, na zote zinashindwa futari ikiwa na viazi, tambi na kalimati kwa pamoja. Chagua unayoweza kuishi nayo mwakani.

Kutembea ni kuzuri kwa presha yako na kwa usingizi, na mji wetu ni tambarare, hata baiskeli haikutoi jasho sana. Ila usinunue chapati kwa matembezi. Saa nzima ya kutembea kwa uzito wako inatumia kalori 290 hivi, na chapati moja iliyopakwa mafuta inazirudisha zote kwa dakika tano.

Sindano. Ya miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, hilo limethibitishwa, ingawa peke yake si kawaida ilete kilo 17. Angalia kadi yako: kama uzito ulianza kupanda miezi ya mwanzo baada ya kuanza, mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango, zipo njia nyingine. Usiache kabla hujapata mbadala, maana mimba hujaipanga.

Na kabla hujauliza: zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni nyingi zinaharisha tu, unapoteza maji na chumvi. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa mara nyingi na sibutramini ndani yake bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Mtu mwenye presha inayopanda asiiguse hata kwa kupewa bure.

Sasa hospitali. Presha moja haitoshi kukuita mgonjwa wala kukuacha huru. Nenda hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe tena kwa siku tofauti, na uombe upimwe sukari. Kwa uzito wako na umri wako ni haki yako kuijua. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, au kukonda kwa kasi bila kujitahidi ni sababu ya kwenda wiki hii hii. Kuchoka sana, nywele kukatika, choo kigumu na kuhisi baridi wakati Tanga nzima inajipepea, mwambie daktari aangalie tezi la shingoni. Maumivu ya kifua, kichwa kikali na macho kuona ukungu, au udhaifu wa upande mmoja, hapo usisubiri asubuhi. Na anayesoma jibu hili akiwa anatumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamidi, asipunguze chakula kabla hajaongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mjamzito na anayenyonyesha, ushauri huu si wenu.

Mizani ya duka la dawa pandia siku ile ile ya wiki, asubuhi, kabla ya chai, na nguo nyepesi. Siku za karibu na hedhi uzito hupanda kwa maji, usiziamini. Azima tepu ya fundi cherehani upime kiuno usawa wa kitovu, uandike. Kwa urefu wako tunataka polepole kielekee sentimita 80. Wiki ya nane kisipokuwa kimesogea, niandikie tena, na safari hiyo nitajie vijiko vya sukari.